Uliza Fundi wa Mifumo: Nisubirishe oda au nimkabidhi sista kazi?

Mwezi huu maswali mengi yamegusa jambo moja. Vituo vingi huku Mwanza na visiwani vimeanza kuhama kutoka kwenye mafaili ya karatasi kwenda kwenye kompyuta, sasa watu wanakutana na vitufe viwili vinavyofanana kwa macho, kimoja cha kusubirisha oda ya kipimo, kingine cha kumkabidhi mtu kazi ya ufuatiliaji, na ugomvi unaanzia hapo. Nimechagua barua chache, nyingine nimezikata kidogo maana zilikuwa ndefu kuliko hata majibu yangu.

SWALI: Habari za kazi Fundi. Mimi ni tabibu, kituo cha afya cha binafsi huku Igoma. Tumeletewa mfumo mpya, ukimaliza kumwona mgonjwa kuna "Subirisha oda" na "Kabidhi kazi". Mfano nina mama wa sukari, nimembadilishia dozi, nataka arudie HbA1c baada ya miezi mitatu. Mimi nabonyeza cha pili, namwandikia sista "huyu mama arudi kupima mwezi fulani", naendelea na mgonjwa mwingine. Mwenzangu anabonyeza cha kwanza na anasema mimi nawatwisha manesi kazi yangu. Tumebishana mpaka kwenye kikao cha asubuhi mbele ya watu. Nani yuko sahihi?
Tabibu, Igoma

JIBU: Dokta, kila mmoja wenu ana nusu ya jibu, ila nusu ya mwenzako ndio inayotangulia. Kabla hujagusa kitufe jiulize: uamuzi nimeshaufanya au bado? Huyu mama umeshaamua. HbA1c inapima sukari iliyonasa kwenye chembe nyekundu za damu, chembe hizo zinaishi kama siku 120 hivi, ndio maana kipimo kinakuonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita, ukimrudisha baada ya wiki tatu unamla hela yake bure, ukimrudisha baada ya miezi mitatu unaona dozi mpya imefanya nini. Hayo yote unayajua leo, mgonjwa akiwa amekaa mbele yako. Basi iandike oda leo, kwa jina lako, na sababu yake, na kipindi chake kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani, halafu iache isubiri.

Sasa angalia kinachotokea ukimwandikia sista peke yake. Miezi mitatu inapita, sista anafanya kazi yake vizuri tu, anampigia mama, mama anafunga meza yake ya dagaa kule Kayenze, anapanda gari, anafika saa mbili asubuhi na hajala chochote kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba HbA1c haihitaji kufunga. Maabara wanamtafuta kwenye skrini, jina lipo, oda hakuna. Sista anaonyesha ule ujumbe wako, mtu wa maabara anasema mimi sitoi damu kwa ujumbe, na yuko sahihi kabisa, akitoa damu bila oda majibu atayaingiza wapi na nani atayasoma? Wewe siku hiyo uko likizo. Mama anarudishwa mapokezi, anafunguliwa hudhurio jipya, yaani rekodi mpya ya kuja kituoni, analipa tena hela ya kumwona daktari, anapanga foleni kwa daktari asiyemjua ambaye anaanza kumuuliza historia yote upya, ili mwishoni aandike kile kile ulichokuwa umeshaamua wewe tangu siku ile. Na hapo ni kama hajakata tamaa akarudi kwenye dagaa zake.

Upande wa mwenzako nao usiusifie sana. Oda yake ipo, ina jina, ina tarehe, imekaa kwenye faili ambalo hakuna atakayelifungua mpaka mama aje mwenyewe. Oda ni tiketi ya meli ya Nansio, inakupa haki ya kupanda ila haimwamshi abiria. Nimeingia kwenye mifumo ya vituo nikakuta oda zilizosubirishwa zimelala humo mpaka kipindi chake kimepita, hakuna aliyekosea kuandika, ni kwamba hakuna aliyepewa kazi ya kuziangalia.

Kwahiyo unatumia vyote viwili, oda kwanza halafu kazi inayoshikizwa kwenye oda hiyo hiyo. Na kazi usiandike "fuatilia". Andika mpigie mama wiki moja kabla, mwambie siku ya kuja, mwambie ale kama kawaida, asipopatikana mara tatu nirudishie mimi. Mfumo ukiwa mzuri, siku damu ikitolewa kazi ya sista inajifunga yenyewe, asiendelee kumsumbua mtu aliyekwisha kupima.

Halafu upana wa kipindi sio wa kubahatisha. HbA1c ikichelewa wiki mbili hakuna anayekufa. Lakini mgonjwa uliyemwanzishia enalapril, dawa ya presha, na unataka potasiamu na kreatinini baada ya wiki moja au mbili, hapo kipindi ni chembamba, maana dawa ile inaweza kupandisha potasiamu au kuangusha figo na mgonjwa asijisikie chochote. Oda ya namna hiyo kipindi kikipita bila damu, mfumo ukupigie kelele wewe mwenye oda, sio kuandika rangi nyekundu kwenye kona ambayo hakuna anayeiangalia.

Na kuna siku kitufe chako cha kukabidhi kinatosha peke yake. Ni pale ambapo bado hujaamua. Unataka kwanza picha ya eksirei aliyopiga hospitali nyingine mwaka jana, hujui kama utaoda mpya au la. Hapo huna oda ya kusubirisha, una kazi tu ya kumtuma mtu akaitafute ile picha, na ikishafika wewe ndio unaamua.

SWALI: Fundi, mimi ni keshia. Hao madaktari wakisubirisha oda, kwangu inatokea kwenye bili ya leo. Juzi baba mmoja kadaiwa vipimo vya miezi mitatu mbele, kafoka dirishani mpaka mlinzi akaja. Wa bima ndio kabisa, madai yanarudi. Niwaambie waache kusubirisha?
Keshia, Nyamagana

JIBU: Usiwaambie waache, mwambie aliyewauzia mfumo aurekebishe. Oda iliyosubirishwa haitakiwi kuwa na bili. Bili inazaliwa siku oda inapofunguliwa, yaani siku mgonjwa kafika na mtu wa mapokezi au maabara amebonyeza kwamba tunaanza. Ukiitoa leo unapata matatizo mfululizo: namba ya malipo ina muda wake wa kuisha, bei inaweza kubadilika katikati, na kitabu chako cha mapato kinaonyesha deni la huduma ambayo haijatolewa wala hujui kama itatolewa.

Kwa wa bima, uhakiki wa kadi unafanywa siku ya huduma na dai linashikana na hudhurio la siku hiyo. Kipimo kilichoandikwa mwezi wa pili kikafanyika mwezi wa tano kikabandikwa kwenye hudhurio la mwezi wa pili, lazima kirudi, hata mimi ningekikataa. Oda ibaki na tarehe yake ya kuandikwa na jina la daktari aliyeiandika, ila ikifunguliwa ihamie kwenye hudhurio jipya. Hizo ni tarehe mbili tofauti na mfumo uzitunze zote mbili. Wakikuambia haiwezekani, wanamaanisha hawajafanya.

Kuhusu hela ya kumwona daktari kwa mgonjwa anayekuja kutoa damu tu, hilo ni la uongozi wenu kuamua, ila mimi naona kumtoza mtu pesa ya kumwona daktari ambaye hamwoni ni kumfukuza kistaarabu.

SWALI: Mwangaluka Fundi. Mimi ni muuguzi kiongozi kwenye kisiwa kimoja Ukerewe. Tangu mfumo uje, madaktari wamegeuza kisanduku changu dampo. Nikiingia asubuhi nakuta "fuatilia majibu", "fuatilia mgonjwa", "mcheki huyu", na mmoja aliandika "sukari ikiwa juu muongezee dozi". Nikiwauliza wanasema si tumekukabidhi. Wagonjwa wangu wengi ni wavuvi, leo yuko hapa kesho yuko kambi nyingine, simu haipatikani. Ikitokea mgonjwa kapotea lawama ni yangu? Naweza kukataa kazi?
Sista, Ukerewe

JIBU: Mwangaluka sista. Unaweza kukataa, na mfumo usiokuwa na kitufe cha kukataa haujakamilika. Kuna utaratibu wa kimataifa wa kupanga taarifa za afya unaitwa FHIR, na humo kazi ya kukabidhiwa ina hali zake: imeombwa, imepokelewa, imekubaliwa, imekataliwa, inaendelea, imeshindikana, imekamilika. Angalia kuna umbali gani kati ya kuombwa na kukubaliwa. Daktari akibonyeza, kazi imeombwa tu. Mpaka wewe ukubali, ingali mikononi mwake, na mfumo umwonyeshe hivyo kwenye skrini yake mwenyewe. Huko kwenu inaelekea akibonyeza tu inatoweka kwake, ndio maana anakwambia "si tumekukabidhi" kwa amani kabisa.

Ile ya "muongezee dozi" ikatae leo leo, sista. Kubadilisha dozi ni oda. Isipokuwa kama kituo chenu kina mwongozo ulioandikwa na kusainiwa unaosema muuguzi akikuta namba hizi afanye hivi, na hata hapo jina linalobeba ni la aliyeusaini mwongozo. Ujumbe wa mstari mmoja kwenye kisanduku sio mwongozo. Ukiifanya na ikaenda vibaya, watakachokisoma ni jina lako.

"Fuatilia majibu" nayo irudishe, na maelezo mafupi: majibu ya kipimo gani, yakiwa vipi nifanye nini, mpaka lini. Usiogope kuonekana mkorofi, wakirudishiwa mara chache watajifunza kuandika.

Sasa la wavuvi, hapa ndio ningependa watengeneza mifumo wakae kwenu mwezi mzima. Dagaa wanavuliwa kwa taa wakati wa giza, mbalamwezi ikikomaa watu wanapumzika, wanarudi nchi kavu, wanafua, wanaonana na familia. Mfumo unaokupangia mgonjwa tarehe moja, tarehe 14, na hiyo 14 ni katikati ya giza, umeshampoteza kabla hujapiga simu. Oda iandikwe kwa kipindi, na kazi ya kumtafuta ipangwe iangukie siku za mbalamwezi ndani ya kipindi hicho. Kalenda ya mwezi inajulikana miaka mingi mbele, kompyuta inaipiga hesabu bila shida, ni kwamba walioandika programu hawakujua kwamba kuna watu wanaishi kwa hiyo kalenda.

Chukua mgonjwa wa TB isiyo sugu, ya mapafu, aliyekutwa na vimelea kwenye makohozi, dozi yake miezi 6. Makohozi yanarudiwa mwisho wa mwezi wa 2, wa 5 na wa 6 wa matibabu. Siku anaanza dawa daktari anaweza kuandika oda zote tatu kwa mkupuo, maana ratiba inajulikana. Wewe unakabidhiwa kazi tatu za kumtafuta, na unaweza kumpelekea mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyeko kambini ampelekee kikopo, anayeijua kambi ni yeye sio sisi. Lakini makohozi ya mwezi wa 2 yakitoka bado yana vimelea, kinachofuata hakikuandikwa siku ya kwanza na hakiwezi kuwa kazi yako, kinarudi kwa daktari aamue kama ni kutafuta usugu au kuangalia dawa zinamezwaje. Mfumo ukiruhusu mtu aandike oda za "ikiwa hivi basi vile" ngazi tano mbele, huo nao una hatari yake, kuna siku oda itajifungua yenyewe kwa mgonjwa ambaye hali yake imeshabadilika na hakuna aliyemwangalia.

Na lawama: kama ulikubali kazi iliyoandikwa vizuri, ukajaribu namna mlivyokubaliana, hukumpata, ukaandika "imeshindikana" ikarudi kwa daktari na sababu yake, wewe umemaliza. Kilichoandikwa na saa yake kinabaki pale. Ukiiacha imekaa "inaendelea" miezi minne, hapo sitaweza kukutetea.

SWALI: Kaka Fundi, nasoma chuo hapa Nyegezi, natengeneza mfumo wa zahanati kama mradi wa mwaka wa mwisho. Je oda na kazi niweke kwenye jedwali moja na safu inayosema aina, au majedwali mawili? Msimamizi anasema moja inatosha.
Mwanafunzi, Nyegezi

JIBU: Mawili, mdogo wangu, na umwonyeshe msimamizi hivi. Hali ya oda inajibu swali moja, ruhusa bado ipo? Hali ya kazi inajibu lingine, utekelezaji umefika wapi? Oda inaweza kuwa hai kabisa wakati kazi ya kwanza imeshindikana, kazi ya pili imekataliwa na ya tatu inaendelea. Ukiviweka kwenye jedwali moja utajikuta nesi akibonyeza "imeshindikana" unaiua ruhusa ya daktari bila kujua. Ndio maana FHIR wana ServiceRequest kwa ajili ya oda na Task kwa ajili ya kazi, na Task ina sehemu ya kuonyesha inafanyia kazi oda ipi. Oda moja, kazi nyingi, hata sifuri.

Kasome pia OpenMRS, ipo bure na imeandikwa wazi. Ilianza 2004, watu wa Indiana kule Marekani na wenzao wa Eldoret, Kenya, kwahiyo sio kitu cha kigeni sana huku ziwani. Kwao oda ina tarehe ya kuanza kuwa hai, na ukitaka ifanyike baadaye unaipa uharaka wa aina ya "kwa tarehe iliyopangwa" na unaweka tarehe yenyewe pembeni. Cha kuiga zaidi ni kwamba oda ikishahifadhiwa huibadilishi juu kwa juu, ukitaka kurekebisha unaisimamisha ya zamani na kuandika mpya inayoikumbuka ile. Utaona usumbufu mwanzoni, utakuja kushukuru siku watu watakapouliza nani aliandika nini.

Mambo mawili ambayo vitabu havitakuambia. Usitengeneze programu inayoamka saa sita usiku kufungua oda zilizofika tarehe yake. Umeme utakatika saa sita kasoro, seva italala, asubuhi oda hazijafunguliwa na maabara wanasema mfumo mbovu. Hesabu wakati wa kusoma: mtu akifungua faili, linganisha tarehe ya leo na kipindi cha oda, ndani ya kipindi ionyeshe, basi. La pili ni marudio. Mgonjwa mwenye HbA1c inayosubiri akija kwa malaria wiki mbili kabla, daktari wa zamu atamwandikia HbA1c nyingine bila kujua, na ile ya kwanza inabaki inasubiri, atatobolewa mara mbili na kulipa mara mbili. Wakati wa kuandika oda mpya mwonyeshe daktari zinazosubiri za aina hiyo hiyo, umuulize anaitumia hiyo au anaifuta. Muulize tu, usimfutie.

SWALI: Mimi sio mtaalamu, ni mgonjwa. Nilitoa damu nikaambiwa majibu nitapigiwa. Sijapigiwa. Nikikaa kimya ndio maana yake niko salama?
Msomaji, Magu

JIBU: Hapana. Kimya maana yake hakuna aliyekupigia, hicho tu. Nenda kawaulize, taja tarehe uliyotoa damu. Safari nyingine kabla hujatoka uliza kipimo kinaitwaje, majibu yanatoka lini, na nani atapiga, upewe jina la mtu au namba ya idara, sio "tutakupigia". Hakikisha namba waliyonayo ni ya kwako, wengi tumeandikisha namba ya laini iliyokwisha kupotea.

Na kama simu unatumia na mwenzako nyumbani, waambie mapema nani anaruhusiwa kupokea na nani haruhusiwi, iandikwe kwenye faili ili anayepiga aione. Nawageukia wahudumu hapa kidogo: ile tabia ya kukabidhiana wagonjwa kwenye grupu la WhatsApp, jina, ugonjwa na namba ya simu vyote kwenye ujumbe mmoja, najua inafanyika kwa sababu mfumo ni mzito na simu iko mkononi, lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika mwezi Mei 2023 na taarifa za afya zimo kwenye zile nyeti. Halafu hata tukiiweka sheria pembeni, kazi iliyotumwa kwenye grupu la watu 40 haina mwenyewe, kila mtu ameona tiki za bluu akadhani mwingine anapiga.

SWALI: Fundi, mimi ni mganga mfawidhi, Sengerema. Daktari wangu mmoja amehamishwa, kaacha oda zinasubiri na kazi alizowapa watu, zote zina jina lake. Majibu yanaendelea kuingia kwenye kisanduku chake ambacho hakuna anayekifungua. IT wanataka kuifunga akaunti. Wagonjwa wengine wanafuatiliwa huku huku, wengine tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe wanakimbilia mjini wenyewe. Nifanyeje?
Mfawidhi, Sengerema

JIBU: Mkuu, waambie IT wamzuie kuingia ila wasiifunge akaunti mpaka kisanduku kiwe kitupu. Jina lake kwenye oda lisibadilishwe, ndiye aliyeamua na itabaki hivyo miaka yote. Kinachohamishwa ni nani anasoma majibu, na hilo ni jambo jingine kabisa ndani ya mfumo, au lilitakiwa liwe. Mteue daktari mmoja kwa jina. Usiandike "OPD", yaani idara ya wagonjwa wa nje, idara haisomi majibu, anasoma mtu.

Huyo uliyemteua akae na orodha ya oda zinazosubiri apitie moja moja, na hapa hakuna njia ya mkato, kila oda aidha anaichukua, yaani anaandika kwamba amekubali kuendelea nayo, aidha anaisitisha na sababu. Waliokimbilia mjini wapigiwe kwanza, mtu asije akafutiwa oda kwa sababu tumedhani anapimwa Mwanza na Mwanza wanadhani anapimwa kwenu. Kazi zilizokabidhiwa manesi ziangaliwe pia, maana zile zikishindikana zinarudi kwa aliyezituma, na aliyezituma hayupo, zitakuwa zinarudi kwenye ukuta.

Majibu ambayo yameshaingia na hayajasomwa yaanze kabla ya hayo yote, leo hii, kabla ya kikao cha kuteua mtu. Yapange kwa ukali, potasiamu na hemoglobini zilizovuka mipaka juu kabisa, usiyapange kwa tarehe.

Kwa baadaye, muombe mtu wa mfumo akutolee ripoti kila Ijumaa: oda ambazo kipindi chake kimepita na hakuna sampuli, kazi ambazo zimeombwa na hazijakubaliwa, na majibu ambayo hayajafunguliwa na mtu yeyote. Na fomu ya kuhama kazini mliyonayo, ile ya kurudisha funguo na koti, ongeza mstari wa kisanduku cha majibu, asisainiwe mtu mpaka kiwe na msomaji mwingine.